Kiingereza cha Mwanao Hakianzii Kwenye Mtihani

(Nakala ya hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi wa chekechea na shule za msingi)



Walimu wa Kiingereza wana malalamishi mawili. Tuyasikie kabla ya kuwalaumu matokeo yanapotoka.

La kwanza ni uandishi. Katika KCPE, iliyofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto aliandika insha ya Kiingereza kwa dakika 40. KPSEA ya Gredi ya 6 ilipoanza mwaka 2022, mtahiniwa alichagua jibu kati ya manne. Mwalimu anauliza: mtoto akizoea kuweka alama tu, atajifunza kuandika lini? Huko sekondari atatakiwa kujieleza kwa maneno yake mwenyewe.

La pili ni alama za darasani. KJSEA ya Gredi ya 9, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, huhesabiwa hivi: asilimia 20 kutoka KPSEA, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 mtihani wenyewe. Tathmini hizo husimamiwa na mwalimu wa darasa. Kumsikiliza kila mtoto akisoma na kuzungumza huchukua muda, na darasa limejaa. Tena, shule moja ikipandisha alama kwa ujanja, anayeumia ni mtoto wa shule iliyosema ukweli, kwa kuwa wote wanawania nafasi zile zile za sekondari pevu.

Sitawadanganya kwamba kaunti itabadilisha mtihani. Katiba ya 2010 iliipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mtaala uko kwa KICD, mitihani kwa KNEC, na walimu wa shule za msingi na sekondari wako chini ya TSC.

Lakini chekechea ni yetu, na huko ndiko lugha inakoanzia. Sera inasema mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake hadi Gredi ya 3, halafu Kiingereza kitumike kufundishia kuanzia Gredi ya 4. Kijijini Tetu au Mathira, lugha hiyo ni Gĩkũyũ. Mjini, mara nyingi ni Kiswahili. Mzazi anayedai Kiingereza kitupu PP1 anamfanya mtoto akariri asichokielewa. Anayeweza kusimulia hadithi vizuri kwa Gĩkũyũ tayari anajua kupanga mawazo, na Kiingereza kitapata pa kushika.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu. Mwombe mwalimu akuonyeshe tathmini za mwanao kila muhula, usingoje Gredi ya 9. Mpe mtoto daftari aandike nyumbani angalau aya moja kwa wiki, hata kama mtihani hautaki. Na usimshinikize mwalimu akuongezee alama.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.