Mwalimu Mshauri Atolewe Kwenye Kamati ya Nidhamu

Msikilizaji, mwalimu wa hapa mjini Salama akiamua kusomea uzamili wa saikolojia ya elimu, likizo yake imekwisha kabla haijaanza. Shule zikifungwa, anasimama kando ya barabara kuu ya Mombasa akingoja matatu ya Nairobi, kisha avuke jiji lote hadi Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwenye barabara ya Thika. Karo anailipa mwenyewe, mara nyingi kwa mkopo wa sacco. Na chini ya mwongozo wa kupanda vyeo wa TSC, tume inayoajiri walimu, shahada ya pili peke yake haimpandishi mtu daraja. Anayeshika njia hii, aghalabu amesukumwa na watoto aliowaona darasani.

Watoto hao tunawajua. Mji wetu unakesha na madereva wa malori. Mama anayeuza chakula usiku ana binti anayeosha vyombo hadi saa nne, saa tano. Asubuhi binti huyo anasinzia kwenye hesabu. Zamani dawa yake ilikuwa kiboko. Mwalimu aliyesomea jinsi akili ya mtoto inavyokua atamwita kando, amuulize amelala saa ngapi, nyumbani kuna nani, na kama lipo linalomtisha. Atajua pia pale uwezo wake unapokoma, ampeleke hospitali.

Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha ushauri nasaha mwaka 1971. Hata hivyo, miaka 30 baadaye, Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya upili ya Kyanguli, kwa jirani zetu wa Machakos. Mwaka huohuo kiboko kikapigwa marufuku, na sheria ya elimu ya 2013 ikakataza hata kumnyanyasa mwanafunzi kiakili. Kiboko kilipoondoka, mzigo ulimwangukia mwalimu mshauri.

Tumemsaidiaje kuubeba? Katika shule nyingi anarudi na shahada yake na kukabidhiwa vipindi vilevile vya kemia, darasa baada ya darasa. Chumba hana. Anamsikiliza mtoto chini ya mti, watu wakipita.

Linaloniuma zaidi ni kamati ya nidhamu. Jumatatu mwanafunzi anamweleza mshauri kwamba amevuta bangi, na sababu yake. Alhamisi anamkuta mwalimu yuleyule mezani, akiamua kama atumwe nyumbani wiki mbili. Nani atarudi kumweleza jambo tena? Na wenzake bwenini watasikia, nao watafunga midomo. Msingi wa kazi aliyosomea mshauri ni kutunza siri, na tangu 2014 nchi hii ina sheria ya washauri na wanasaikolojia, yenye bodi ya kuwasajili. Shule inayomkalisha katika kamati hiyo inamnyang'anya kazi yake.

Sisemi kila mwalimu akasome saikolojia. Nasema huyu mmoja aliyekwisha kusoma, kwa pesa zake, apunguziwe vipindi na apewe chumba chenye mlango unaofungwa.

Wazazi wa Salama, mkutano wa muhula ujao usiishie kwenye matokeo ya mtihani na pesa za basi. Muulizeni mwalimu mkuu mshauri ana vipindi vingapi kwa wiki, na kama jina lake limo kwenye kamati ya nidhamu. Likiwamo, ombeni liondolewe siku hiyohiyo.