Kura ya pili inatafutwa kwa jirani



Papua New Guinea ina makabila mengi, kama Kongo yetu. Mwaka 2002 wabunge wengi wa kule walishinda kwa chini ya asilimia 20: kura za ukoo wao zilitosha. Tangu 2007 mpiga kura anapanga majina matatu. Asipopatikana wa kupita nusu, wa mwisho anaondolewa, na kura zake zinahamia kwa jina linalofuata. Basi mgombea anapaswa kubisha hodi hata kwa jirani. Akimtukana, anakosa kura yake ya pili.

Fujo hazikuisha kule. Lakini kwetu duru ya pili ya urais iliondolewa mwaka 2011, na mwaka 2018 matokeo rasmi yalimpa mshindi asilimia 38,57.

Tunapendekeza tuanze na kamati zetu za amani: majina matatu kwenye kila karatasi.