MANENO YA KUAGANA: SAFARI YA KUJITOLEA MIAKA MIWILI

(Mazungumzo ya wanachama wawili wa karakana mbele ya mkutano wa tawi)



Wengi wenu mmekwisha kusikia ya kwamba sisi wawili tunajitayarisha kwenda Juba, Sudan Kusini, kufanya kazi ya kujitolea, na tukijaliwa tutakaa huko miaka miwili. Maneno mengi yamesemwa. Wengine wasema tumepata mali, wengine wasema tumefukuzwa kazi kwa siri. Yote mawili si kweli. Tumeona vema tuwaeleze wenyewe, kwa maana baadhi yenu jambo hili lawagusa mfukoni.

Kwanza, kazi yenyewe. Inatolewa na mpango wa Wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa. Baraza Kuu liliuamua mwezi wa Desemba 1970, ukaanza kazi mwaka 1971, na tangu 1996 ofisi yake kubwa iko Bonn, Ujerumani. Mtu wa kujitolea halipwi mshahara. Hupewa posho ya kumwezesha kuishi, nauli ya kwenda na kurudi, na bima ya ugonjwa. Mkataba ni wa mwaka mmoja, kisha waweza kuongezwa. Sisi tutatengeneza majenereta na pampu za maji, na kuwafundisha vijana wa huko, ili siku tukiondoka pampu isisimame.

Pili, kwa nini twende? Ndugu, sisi tumezoea kuona wageni wakija kwetu kusaidia. Mwaka 1961 vijana wa Peace Corps kutoka Marekani walifika Tanganyika, wapima ardhi na mainjinia, kusaidia kazi ya barabara. Muda wao ulikuwa kama miaka miwili vilevile, na walijifunza Kiswahili. Sasa imefika zamu yetu kuwa wageni. Nao watu wa Sudan Kusini si watu wa mbali. Kambi ya Kakuma imewapokea tangu 1992. Mapatano ya amani yao yalitiwa sahihi hapa Nairobi tarehe 9 Januari 2005, wakapata uhuru wao tarehe 9 Julai 2011. Vita vilirudi mwezi wa Desemba 2013, na mapatano mengine yakafanywa mwaka 2018. Hatuendi tukidhani ni mahali pa raha. Kila jioni twajifunza Kiarabu cha Juba, na ulimi bado mzito. Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ufundi wetu ndio jembe letu.

Tatu, mkataba. Hapa twataka kila mwanachama asikilize, hata asiyekusudia kusafiri. Mnajua reli hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani mwaka 1901. Zaidi ya wafanyi kazi 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba wa miaka mitatu, na kama 2,500 kati yao walikufa. Hao hawakuwa watu wa kujitolea, lakini jambo moja ni lile lile: mtu akiisha kuwa mbali na kwao, kinachomlinda ni karatasi aliyotia sahihi. Mwenzetu mmoja wa zamani aliondoka kwa ahadi ya mdomo tu. Mkubwa wake alimwambia, "Nenda, nafasi yako ipo." Aliporudi, mkubwa alikuwa amehamishwa na nafasi ilikuwa na mtu mwingine. Hapakuwa na barua, basi hapakuwa na kesi. Sisi tumeomba ruhusa ya bila mshahara kwa maandishi. Barua imekuja, lakini haikutaja cheo tutakachorudia. Katibu wetu ameirudisha ili neno hilo liongezwe. Lisipoongezwa, hatuondoki.

Nne, mikopo. Sisi sote wawili tuna deni katika chama cha akiba na mikopo, na wadhamini wetu mmeketi hapa. Mshahara ukisimama, makato nayo yasimama, na baada ya miezi michache mtakatwa ninyi. Hatuwezi kwenda kuwasaidia watu wa ng'ambo kwa mfuko wa watoto wenu. Mmoja wetu ameuza ng'ombe wawili akalipa deni lote. Wa pili bado ana nusu. Ameagiza benki ilipe kila mwezi kutoka katika posho, na akiba yake imewekwa kuwa dhamana. Karatasi hizo ziko kwa mweka hazina. Kila mdhamini aje azisome kabla hatujaondoka. Dawa ya deni ni kulipa.

Tano, nyumbani. Kazi hii si ya kwenda na jamaa. Tangu Oktoba 2024, bima ya SHA ilipochukua mahali pa NHIF, mchango wetu wakatwa kwenye mshahara. Usipokuwa na mshahara, lazima uulipe mwenyewe, ama mtoto afike hospitali aambiwe jina halipo. Tumekwisha kulipanga. Lakini liko jambo lisilopangika. Mama wa mmoja wetu ni mzee. Alipoambiwa habari hii alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Nikifa, utafika kunizika?" Hatukuwa na jibu. Tulimwambia ukweli, ya kwamba tutajaribu. Naye akasema, "Basi nenda, lakini usinidanganye ya kwamba ni karibu." Neno hilo twalichukua safarini.

Ndugu, hatuwaombi mchango. Twaomba mambo matatu tu. Tuachwe katika daftari la chama. Ada yetu tutaileta kila mwezi kwa mkono wa mweka hazina. Mtu mmoja wa tawi awe akipita kwa jamaa zetu mwisho wa mwezi, awasalimu, aone kama mambo ni sawa. Na mkisikia neno lolote juu ya nafasi zetu za kazi, mtuandikie upesi, msingoje mpaka turudi.

Kwa upande wetu twaahidi kurudi na kuwaeleza mema na mabaya tuliyoyaona, bila kuongeza chumvi. Ikiwa kazi hii ni njema, wengine wenu mtaifuata. Ikiwa si njema, mtakuwa mmejua.