Deni la Masomo na Ploti ya Nyumba: Lipi Litangulie?

(Mada iliyotolewa katika kikao cha vijana baada ya Tarawehe)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mlioketi nasi, mada ya usiku huu ni ya mfukoni. Umemaliza chuo, umepata kazi, na akiba umeanza kuweka. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, inakudai. Nyumbani mama anauliza, "Mwanangu, kodi za watu utalipa mpaka lini?" Na rafiki yako ana habari ya ploti kule Mtwapa, bei nzuri, lakini mwenyewe anataka pesa upesi. Pesa ni zile zile. Ziende wapi?

Wengi wetu hukimbilia ploti, na hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka, na ardhi inapanda bei, basi HELB wangoje. Haya, tuifanye hesabu pamoja.

Tuchukulie unadaiwa shilingi 200,000. Asilimia 4 ni shilingi 8,000 kwa mwaka. Ni kweli, si nyingi. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu anayelipa. Asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Akijificha miaka 3, faini peke yake ni 180,000, inakaribia deni lenyewe! Tena jina lake hupelekwa kwa mashirika yanayoweka rekodi za wakopaji, CRB, na siku atakayotaka benki imsaidie kujenga, ataambiwa asafishe jina kwanza. Kwa hivyo, ndugu yangu, aliyelikimbia deni ili apate nyumba, nyumba ndiyo aliyoikimbia.

Kuna wengine wana hoja ya dini. Husema, "Mkopo ule una riba, na riba ni haramu, basi mimi silipi." Jamani, tusijidanganye. Uharamu wa riba haukuhalalishii kula mali ya watu. Zile pesa ulizolipia karo na chakula ni haki iliyo shingoni mwako, na zikirudi ndizo anazosomeshwa mdogo wako. Kuhusu ile asilimia 4, waulize masheikh. Lakini kama kweli riba inakuuma, dawa yake ni kulimaliza deni haraka uondokane nayo, si kuliacha likae miaka 20.

Tena tukumbuke uzito wa jambo hili. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba ililetwa jeneza, na Mtume (S.A.W.) akauliza kama maiti ana deni. Alipoambiwa analo, aliwaambia masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake, ndipo akamsalia. Vilevile Mtume alikuwa akiomba sana kinga kutokana na deni. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba mwenye deni akisema husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi. Si ndiyo hali yetu? Simu ikiita, unampa mtoto aseme baba hayupo. Na wewe umefunga!

Sasa, je, maana yake usifikirie nyumba mpaka deni liishe kabisa? Sivyo. Deni unalolipa kwa makubaliano si sawa na deni unalolikimbia. Unalolikimbia litangulie mbele ya kila kitu. Unalolilipa linaweza kwenda pamoja na mipango mingine, ila kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kwanza, jua unadaiwa ngapi hasa. Sheria ya HELB ya mwaka 1995 inakutaka uanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Kama umeajiriwa, hakikisha mwajiri anakata na kupeleka. Kama huna kazi, usinyamaze, wasiliana nao uwaeleze hali yako. Pili, weka kando matumizi ya miezi michache, maana maradhi hayapigi hodi. Tatu, kinachobaki kipunguze deni.

Tuseme una akiba ya 150,000 na deni lile la 200,000. Ukibakisha 50,000 za dharura na kulipa 100,000 kwa mkupuo, zimebaki 100,000. Ukilipa 5,000 kwa mwezi, ni kama miezi 20 na kidogo, umemaliza. Miezi 20 si umri! Baada ya hapo ile 5,000 ni yako, iingize kwenye akiba ya ploti, na hakuna anayekudai.

Na ploti yenyewe usiiendee mbio. Sisi wa Mombasa tunazijua nyumba bila ardhi: kuta ni zako, ardhi ni ya mwingine, na kila mwezi unamlipa kodi ya ardhi. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, ujue hati ina jina la nani. Muuzaji anayekukataza kufanya hivyo amekwisha kujibu swali lako. Wala usilipe deni la masomo kwa kukopa deni jingine la nyumba. Tangu 2008 tuna benki kamili zinazofuata sharia, nazo hununua nyumba kwa ushirika na mteja, akawa anazinunua hisa za benki kidogo kidogo. Ni njia nzuri isiyo na riba, lakini nayo ina malipo ya kila mwezi. Aliyeshindwa na 5,000 ataiweza vipi 30,000?

Wazazi wetu, tunawaomba: mkimwona kijana bado anapanga chumba kwa sababu analipa deni, msimlinganishe na jirani aliyejenga. Na walio na uwezo, wakumbuke kwamba wenye madeni waliolemewa ni miongoni mwa mafungu manane ya Zaka.

Mwisho, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni. Basi kabla ya Eid, andika lako kwenye karatasi, kiasi na tarehe, umwonyeshe mkeo au mumeo au mzazi wako, ili ajali ikikufika wajue pa kuanzia.

Mwenyezi Mungu atulipie madeni yetu, atupe makazi ya halali, na atukubalie funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.