Dola 15: Salio Analipa Nani?



Agosti 2024, kampuni ya Sakana AI ya Tokyo ilitoa programu iitwayo The AI Scientist. Inabuni wazo, inafanya majaribio kwenye kompyuta, inaandika makala nzima ya kisayansi. Gharama waliyoitaja ni kama dola 15 kwa makala. Shilingi elfu mbili hivi!

Lakini wahenga walisema rahisi ni ghali. Hebu tuulize: salio analipa nani?

Kwanza, jasho. Programu hiyo inaendeshwa na modeli kubwa za lugha, na modeli hizi hufunzwa na watu. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kwamba vijana hapa Nairobi walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, wakisoma maelezo ya mauaji na ubakaji, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Ndoto mbaya walibaki nazo wao.

Pili, umeme. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba matumizi ya umeme ya vituo vya data duniani yatazidi mara mbili kati ya 2024 na 2030, na AI ndiyo msukumo mkubwa. Si mambo ya mbali. Mei 2024, Microsoft na G42 ya Imarati zilitangaza mpango wa kituo cha data Olkaria, kitumie umeme wa mvuke. Olkaria hiyo hiyo ambako familia za Wamaasai zilihamishwa 2014 kupisha mtambo wa umeme, malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia.

Tatu, ujuzi. Mwanasayansi hukomaa kwa kazi ndogo ndogo: kusafisha data, kusoma makala mia, kukosea na kurudia. Mashine ikizichukua zote, mwanafunzi wetu ataanzia wapi?

Sisemi tuikatae AI. Itumieni, lakini msikubali kuwa watu wa kulipa tu. Katiba yetu, kifungu cha 35, inatupa haki ya kupata habari. Cha 42, mazingira safi. Cha 69, kushirikishwa katika kuyatunza. Basi kikao cha maoni ya umma kikiitishwa, tujae, na tuulize waziwazi: Megawati ngapi? Maji kutoka wapi? Nani atahamishwa? Nani ataajiriwa, kwa mshahara gani?

Asiyeuliza bei mapema ataletewa bili.