Saini za Ofisini na Kifungo cha Nje



Nianze na barua pepe. Inaingia asubuhi kwenye anwani za kazini, imetumwa kwa wote: tusaini kumwomba Rais awasamehe wafungwa fulani, au asithubutu kuwasamehe. Siku hizi hupitia zaidi kundi la WhatsApp la idara. Mtu ananakili orodha, anaongeza jina lake chini ya la mwenzake, anairudisha. Ikifika saa nne, jina lisilokuwepo linaonekana kuliko yaliyopo. Na kama aliyeianzisha ni mkuu wa idara, orodha hiyo imeshakuwa daftari la mahudhurio.

Haya tuliyapitia. Enzi za chama kimoja, matawi ya chama yalikuwa viwandani na maofisini. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 ikapiga marufuku ofisi za vyama mahali pa kazi. Mtumishi alibaki na maoni yake. Kilichoondoka ni hofu kwamba kupanda kwake daraja kunategemea saini.

Mjadala wenyewe wa msamaha ni halali kabisa. Tarehe 9 Desemba 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alitumia Ibara ya 45 ya Katiba kutoa msamaha mkubwa wa wafungwa. Siku hiyo wakatoka Nguza Viking, yaani Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha, waliohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa kubaka watoto. Wapenzi wa muziki walishangilia, watetezi wa watoto wakalalamika. Mimi naamini mkosaji anaweza kurekebika, ila niseme wazi: wengi waliosema wale wawili wamejirekebisha walikuwa wanazikumbuka nyimbo tu.

Ofisi inayotaka kuonyesha imani kwamba mkosaji anaweza kurekebika ina njia nyingine zaidi ya saini. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inamruhusu hakimu, pale kifungo kisipozidi miaka mitatu, kumpa mkosaji kazi za jamii bila malipo badala ya kumpeleka gerezani. Ndicho tunachokiita kifungo cha nje. Kabla ya hapo, ofisa wa huduma za uangalizi humchunguza mtu huyo: nyumbani anaishi na nani, majirani wanamsemaje. Kisha lazima ipatikane taasisi ya kumpokea, iwe zahanati, shule au ofisi kama hizi zetu, imkabidhi fagio au jembe na kumsimamia.

Hapa ndipo wengi wa watia saini hodari hupotea. Kumsamehe mfungwa wa mbali ni rahisi; kumwona kijana aliyeiba akifyeka nje ya dirisha la mhasibu ni habari nyingine. Hofu hiyo siidharau. Ndiyo maana mahakama huhitaji ripoti ya ofisa, na msimamizi anayejua nini cha kufanya mtu asipotokea.

Tena mji wetu wa Manyoni ni mdogo. Aliyeiba mbuzi atakutana na mwenye mbuzi sokoni, pengine kwenye foleni ya zahanati ileile anakofagia. Kwa hiyo, kabla hajapangiwa kituo, mwenye mbuzi naye aulizwe: anatibiwa wapi, na watoto wake wanasoma shule gani?