Majaribio ya Tochi Ndogo ya Mfukoni

(Hotuba iliyosomwa na mhitimu wa mwaka 1998 mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)



Kamati iliponiandikia barua iliniomba nizungumze juu ya mchango wa wahitimu katika ujenzi wa taifa. Nilijibu kwamba juu ya jambo hilo wapo wazee wanaojua kuliko mimi, na tena wamekwisha kulizungumza hapa hapa mara nyingi. Nikaomba mimi niruhusiwe kuzungumza juu ya tochi. Ndugu Katibu alidhani nafanya mzaha. Nashukuru kwamba mwishowe alikubali, na tochi yenyewe ni hii hapa mkononi mwangu. Urefu wake haukizidi sana kidole changu cha kati, inakula betri moja kama ile ya saa ya ukutani, na wale waliokaa nyuma yamkini hawaioni.

Sisi tuliosoma hapa zamani hatuhitaji kuelezwa tochi ni nini. Jenereta ilizimwa saa nne usiku, na mwenye mtihani kesho yake alijifunika blanketi gubigubi, yeye na daftari lake na tochi yake. Betri ikichoka tuliianika juani juu ya bati, na ikikataa hata hapo tuliing'ata. Wamo watu waheshimiwa ukumbini humu, siwataji, ambao meno yao yalifanya kazi hiyo. Wala hatukuwa tukijidanganya kabisa, maana joto la jua huichangamsha dawa iliyomo ndani kwa muda mfupi. Lakini kopo la betri ile ya bei nafuu ni la zinki, na zinki hiyo hiyo ndiyo inayoliwa ili umeme upatikane. Kadiri betri inavyotumika ndivyo ukuta wake unavyozidi kuwa mwembamba. Kuing'ata ni kuitoboa. Baada ya siku chache tochi ilijaa uchafu mweupe na springi ikaoza. Sisi tukailaumu tochi.

Springi hiyo niliikumbuka tena mwaka 2014.

Wakati huo nilikuwa mhandisi wa maji katika wilaya moja mkoani Dodoma, mtumishi wa serikali mwenye shahada ya Chuo Kikuu ukutani na gari la ofisi chini ya mwembe. Kijiji kimoja kilikuwa na kisima kipana cha kuchimbwa kwa mkono, kina chake mita tisa, chenye vidato vya chuma ukutani na pampu juu yake. Bomba la kuvutia maji lilikuwa limeachia huko chini, na watu walikuwa na siku ya tatu bila maji. Tulipata pancha mbili njiani tukafika jua limekwisha kuzama. Kumteremsha mtu kisimani usiku ni kosa, na mimi nililijua kuwa ni kosa. Lakini akina mama walikuwa wamekaa na ndoo zao tangu asubuhi, nami nikasema tutafanya.

Aliyeteremka ni fundi wetu wa pampu, mtu aliyenizidi umri kwa miaka ishirini hivi. Kamba tuliyokuwa nayo tulikuwa tumeifungia bomba. Mimi nililala kifudifudi ukingoni, nikammulikia kwa tochi niliyoinunua kwa fedha yangu mwenyewe, nene, nzito, ambayo sanduku lake liliandikwa kwa herufi kubwa kwamba haivunjiki. Kazi ilipokwisha akaanza kupanda, spana mkononi. Nikageuka kidogo ili nimpishe, tochi ikagonga zege la ukingo. Haikugonga kwa nguvu. Hata nyinyi mngeigonga hivyo mezani msingetazama. Ikazimika.

Niliitikisa, nikaipigapiga kiganjani, wapi. Simu yangu ilikuwa ndani ya gari. Fundi aliita mara moja tu, "Taa!", kisha nikasikia kishindo cha maji. Alikosa kidato. Mwanga ulioturudia ulitoka kwa bibi mmoja mwenye tochi ya plastiki, kioo kimepasuka, katikati imefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Kwa tochi hiyo tulimtoa Fundi akiwa hai, kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika.

Asubuhi niliifungua tochi yangu. Nje haikuwa na hata mkwaruzo. Taa yake ilikuwa nzima. Lakini springi ilikuwa imevaa ukoko mweupe, kwa sababu betri zilikaa humo tangu masika ya mwaka uliotangulia nisizitazame. Ule mgongano ulizisogeza kidogo tu, zikaachana na sehemu ndogo ya chuma safi iliyokuwa imebaki. Sanduku halikusema uongo: tochi haikuvunjika.

Basi mwaka 2015 nilinunua tochi mbili ndogo za namna moja, hii na ndugu yake. Moja niliiweka kabatini bila kuigusa, iwe ya kulinganishia. Ya pili niliamua kuitesa, na kila nililolifanya nikaliandika katika daftari.

Kabla ya kuanza nilijisomea jinsi watengenezaji wenyewe wanavyojaribu, nanyi vijana wa Fizikia nisikilizeni hapa. Wengi hufuata kanuni ya Marekani iitwayo FL 1, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2009. Ukiona sandukuni alama ya kuanguka na kando yake mita 1, maana yake tochi iliangushwa juu ya zege kutoka kimo hicho, kwa pande zake mbalimbali, nayo ikaendelea kuwaka. Ukiona IPX7, ilizamishwa majini kina cha mita 1 kwa dakika 30. Ukisoma kwamba mwanga wake unafika mita 80, usidhani kwamba huko utasoma barua; kipimo hicho huishia pale mwanga unapobaki robo ya laksi, yaani kama ule wa mbalamwezi usiku usio na mawingu. Na saa za kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke ufikie sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo tochi ya saa kumi, katika saa ile ya kumi, ni mshumaa tu. Hakuna uongo katika hayo yote, ila mtu lazima ajue kinachosemwa. Na lililo kubwa zaidi ni kwamba majaribio hayo hufanyiwa tochi mpya yenye betri mpya, na mimi sijawahi kuingia kisimani na tochi mpya.

Kuanguka hakukunipa taabu. Niliiangusha kutoka mita 1 kwa pande sita, kisha kutoka juu ya paa la gari, karibu mita 2. Balbu za zamani zilikuwa na uzi mwembamba wa tangsteni, na uzi huo ukiwa wa moto hukatika kwa mtikisiko mdogo. Taa za LED hazina uzi. (Katika mwaka ule ule wa kisima, 2014, Wajapani watatu wa asili, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa LED ya buluu, ambayo ndiyo iliyotuletea mwanga huu mweupe. Nilisoma habari hiyo gazetini nikiwa hospitalini nimekwenda kumtazama Fundi.) Hata hivyo, ilipoanguka kutoka mita 2 kwa kitako, mara mbili ilizimika. Nilipoigusa swichi ikawaka tena. Uzito wa betri uliibana springi, umeme ukakatika kwa kitambo kidogo sana. Mezani hilo si kitu. Mtu akiwa kwenye kidato ni jambo jingine.

Maji nayo niliyajaribu kwa njia ya watu wa maji. Nilichukua kipande cha bomba la plastiki la inchi sita, urefu mita 1 na ushee, nikakiziba chini, nikakisimamisha na kukijaza. Nusu saa kamili. Nilipoifungua ndani ilikuwa kavu kama unga. Nilifurahi, nikamwita hata mlinzi aje aone.

Kisha niliitia mfukoni miezi miwili, pamoja na funguo na sarafu, katika barabara za vumbi la Dodoma. Siku moja ilifuliwa pamoja na suruali, jaribio ambalo sikulipanga wala sikushauriwa. Betri niliibadilisha mara mbili njiani, nikiifungua kwa vidole vyenye vumbi kama kila mtu afanyavyo. Nilipoirudisha katika lile bomba kwa nusu saa ile ile, ilitoka na maji ya kujaza kijiko cha chai. Tochi ilikuwa ile ile, na alama ya IPX7 ilikuwa bado imeandikwa ubavuni. Kilichobadilika ni chembe za mchanga zilizokaa juu ya kile kimpira cha duara kilichomo penye kifuniko. Nilikitoa, nikakifuta, nikakipaka kidogo mafuta ya silikoni, nikaizamisha tena: kavu. Msitumie mafuta ya kujipaka, maana yale yatokanayo na petroli huvimbisha baadhi ya mipira.

Mtaona kwamba kama ningeanza na vumbi kisha maji, au maji kisha vumbi, ningeandika majibu mawili tofauti juu ya kitu kimoja. Jambo hili hatukulifundishwa vizuri darasani. Tulifundishwa kuandika "Njia", "Matokeo", "Hitimisho", na hitimisho aghalabu tulilijua kabla ya kuwasha kibiriti.

Jaribio la mwisho nililifanya kwa ndugu yake, ile ya kabatini. Niliitia betri ya bei nafuu iliyokwisha kutumika nusu, nikaiacha ndani ya dashibodi ya gari miezi sita, kwenye joto. Haikuanguka, haikulowa, haikuguswa. Ilikufa kabisa. Niliposafisha ukoko wake kwa siki springi ilikatika mkononi mwangu. Hii niliyoitesa mimi iko hai, na ile iliyopumzika imekufa. Ni tochi moja moja tu, siwezi kudai zaidi ya hapo, lakini tangu siku hiyo kifaa kinacholala kwangu hulala bila betri.

Fundi alikuwa akija kutazama majaribio haya jioni. Mkono wake ulipona lakini haukunji sawasawa mpaka leo. Amekwisha kustaafu, nami huenda kumsalimu. Hakunilaumu hata siku moja, na ningeona afadhali angenilaumu. Nilipomsomea daftari lote, kurasa arobaini, alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Mhandisi, umeiwasha mikono ikiwa na grisi?"

Sikuwa nimefanya hivyo. Nilikuwa nimeijaribu tochi kama mtu anayekaa juu ukingoni.

Tulipaka grisi viganja vyetu hapo hapo. Mara ishirini nilijaribu kuiwasha kwa mkono mmoja, nikaweza mara kumi na tatu. Mara mbili ilinichomoka ikaanguka. Yeye kwa mkono wake wa kushoto aliweza mara sita. Gamba zuri la aluminiamu, swichi ndogo isiyopitisha maji, yote yalikuwa yanateleza kama kambare. Fundi akaomba kisu, akakata utepe wa tyubu ya baiskeli, akauviringisha kiunoni mwa tochi, akaacha na kitanzi cha kupitisha mkono. Kwa utepe huo niliweza mara ishirini katika ishirini. Yeye mara kumi na tisa. Huo ndio mpira mweusi mnaouona hapa, na nadhani mnakumbuka niliuona wapi kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na harufu ya pilau nimekwisha kuisikia. Kwa idhini ya Mkuu wa Shule ninaiacha tochi hii katika maabara ya Fizikia pamoja na daftari lake. Kurasa kuanzia ya 41 ni tupu. Sijajaribu betri za alkalini kwa muda mrefu ndani ya gari, wala sijapima ni kiasi gani cha joto kinachopunguza mwanga wa LED, na kipima mwanga mnacho ninyi. Wakati wetu hapakuwa na hata kimoja. Mwenye zamu ya maabara aje aichukue sasa. Betri nimeitoa, imo ndani ya bahasha hii ya pembeni.